Maabara, Kiwanda na Mkataba

Ushirikiano kati ya vyuo vikuu na viwanda ni mpango ambao watafiti na kampuni hugawana kazi ya kugeuza maarifa kuwa bidhaa au huduma. Chuo huleta wanasayansi, maabara, wanafunzi, na uhuru wa kufuatilia swali ambalo jibu lake huenda likachukua miaka mingi kupatikana. Kampuni huleta mitambo, mtaji, mafundi wa uzalishaji na njia za kumfikia mnunuzi. Kinachowaunganisha ni mkataba, unaoeleza nani atamiliki uvumbuzi, nani ana haki ya kuchapisha matokeo na nani atalipwa. Mbolea ya shambani, insulini ya mgonjwa wa kisukari na chanjo ya malaria ya mtoto zote zimepita njia hiyo. Historia zake zinafundisha jambo moja: ugunduzi wa maabara ni nusu ya kazi, uzalishaji wa kiwandani ni nusu ya pili, na maneno ya mkataba ndiyo huamua nani atakula matunda ya jasho la wote wawili.

Chimbuko lake Ujerumani

Ushirikiano wa aina hii ulishika mizizi Ujerumani katika karne ya 19. Mwaka 1824 Justus von Liebig alianza kufundisha kemia mjini Giessen, na badala ya kuwaacha wanafunzi wasikilize mihadhara tu, aliwaingiza maabarani wafanye majaribio kwa mikono yao. Mtindo huo ulienea katika vyuo vingine vya nchi hiyo. Viwanda vya rangi za nguo vilipochipuka katika miaka ya 1860, vikiwemo Bayer na Hoechst vya mwaka 1863 na BASF cha mwaka 1865, vilikuta wanakemia waliopikwa wakaiva.

Rangi ya nili inaonyesha jinsi safari ya kutoka maabara hadi sokoni ilivyo ndefu. Profesa Adolf von Baeyer alifanikiwa kuitengeneza kwa kemikali mwaka 1880, bila kutumia mmea wenyewe. Njia yake ilikuwa sahihi kisayansi lakini ghali mno. BASF ilianza kuuza nili yake mwaka 1897, baada ya miaka 17 ya kutafuta malighafi nafuu na njia fupi.

Mfano mkubwa zaidi ni amonia, msingi wa mbolea za naitrojeni. Mwezi Julai 1909 Fritz Haber, profesa wa Karlsruhe, aliwaonyesha wajumbe wa BASF mtambo mdogo wa mezani uliounganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni. Amonia ilidondoka tone kwa tone. Kulikuwa na vikwazo viwili. Kichocheo alichotumia kilikuwa osmiamu, metali adimu sana duniani. Pili, haidrojeni yenye joto na shinikizo kubwa iliharibu chuma cha mitambo hadi kikapasuka. Alwin Mittasch wa BASF alijaribu maelfu ya michanganyiko hadi akapata kichocheo cha chuma ambacho ni rahisi kupatikana, na mwenzake Carl Bosch akabuni mtambo wenye kuta za tabaka mbili unaostahimili shinikizo hilo. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913. Haber alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, na Bosch akapewa yake mwaka 1931. Tuzo hizo mbili zilitambua kwamba kukipeleka kitu kiwandani ni sayansi sawa na kukigundua.

Insulini ya Toronto

Kisa cha insulini kinaonyesha mkataba unavyoweza kuokoa ugunduzi na kulinda umma kwa wakati mmoja. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepata kisukari cha utotoni alikuwa amekwisha hukumiwa kufa. Daktari Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best, wakiwa katika maabara ya Profesa J. J. R. Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto, walifanikiwa mwaka 1921 kukamua kutoka katika kongosho kimiminika kilichoshusha sukari ya mbwa.

Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo katika Hospitali Kuu ya Toronto. Ilikuwa chafu na haikumsaidia vya kutosha. Mwanakemia James Collip aliisafisha, na tarehe 23 Januari kijana huyo akadungwa tena. Safari hii sukari yake ilishuka na nguvu zikaanza kumrudia.

Baada ya hapo ukaja msukosuko. Collip alipojaribu kutengeneza dawa kwa wingi, ilikosa nguvu. Kile kilichowezekana katika chupa ndogo hakikuwezekana katika mapipa, na kwa majuma kadhaa wagonjwa walikosa dozi. Chuo kilikuwa na ugunduzi, lakini hakikuwa na kiwanda.

Mwishoni mwa Mei 1922 Toronto ilitia saini mkataba na kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis, Marekani. Lilly ilipewa mwaka mmoja wa majaribio ambao kampuni nyingine ya Marekani haikuruhusiwa kuingilia, na kwa upande wake iliahidi kukifahamisha chuo kila maboresho itakayoyapata. Mwanakemia wa kampuni hiyo, George Walden, aligundua kwamba asidi ya mchanganyiko ikirekebishwa kwa kiwango maalumu, insulini hujitenga na kutuama chini. Dawa iliyopatikana ilikuwa safi zaidi na haikupoteza nguvu haraka.

Suala la umiliki lilishughulikiwa kwa umakini uleule. Mnamo Januari 1923 Banting, Best na Collip waliiuzia Toronto haki zao za hataza, yaani umiliki wa kisheria wa uvumbuzi, kwa dola 1 kila mmoja. Nia yao ilikuwa kuzuia mtu au kampuni yoyote kuihodhi dawa hiyo. Kamati ya chuo ikatoa leseni kwa watengenezaji wa nchi mbalimbali na kusimamia ubora wa dawa yao. Mwanasayansi August Krogh wa Denmark, aliyeitembelea Toronto mwishoni mwa mwaka 1922, alirudi kwao na ruhusa ya kutengeneza insulini, na huo ndio ukawa mwanzo wa kampuni ya Nordisk. Ndani ya miaka miwili tu dawa ilitoka kwa mgonjwa mmoja ikawafikia wagonjwa wa mabara kadhaa.

Sheria iliyobadilisha vyuo vya Marekani

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilitangulia kujenga utaratibu wa kudumu. Harry Steenbock aligundua kwamba vyakula vikimulikwa kwa miale ya urujuanimno hupata vitamini D, ambayo huwakinga watoto na matege. Mwaka 1925 wahitimu wa chuo hicho waliunda taasisi ya WARF ili isimamie hataza yake, na mapato yakarudishwa kugharimia utafiti mwingine.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hata hivyo, uvumbuzi uliogharimiwa na serikali ya Marekani ulibaki mikononi mwa serikali yenyewe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali hiyo ilishikilia hataza zipatazo 28,000, na chini ya asilimia 5 ndizo zilizokuwa zimepewa kampuni kwa leseni. Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi wao hata kama fedha za utafiti zilitoka serikalini, mradi vitafute namna ya kuutumia na kuwagawia wavumbuzi sehemu ya mapato.

Mafanikio ya leseni za vyuo yanayotajwa sana ni ya Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Mwaka 1973 walionyesha namna ya kukata kipande cha jeni na kukipandikiza katika bakteria. Hataza yao haikupewa kampuni moja. Kila kampuni iliyolipa ada iliruhusiwa kuitumia, na kwa jumla iliingiza takriban dola milioni 255 kutoka kwa kampuni zaidi ya 400. Insulini inayotumiwa leo hutengenezwa kwa vijidudu vilivyopandikizwa jeni kwa teknolojia iliyoanzia hapo.

Namna za kushirikiana

Ushirikiano una sura nyingi. Ulio rahisi kuliko wote ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wengi wa Tanzania huyaita fildi: mwanafunzi hukaa kiwandani majuma kadhaa, akaona mitambo inavyoendeshwa na inavyoharibika. Unaofuata ni ushauri wa kitaalamu, ambapo mhadhiri huitwa kutatua tatizo mahususi. Kuna pia utafiti wa kandarasi, ambao kampuni huulipia ili ipate jibu la swali lake, na maabara za pamoja ambazo pande mbili huziendesha kwa miaka mingi.

Namna mbili nyingine hugusa umiliki moja kwa moja. Katika leseni, chuo hubaki na hataza na kampuni hulipa mrabaha kwa kila mauzo. Katika kampuni chipukizi, watafiti wenyewe huanzisha biashara na chuo hupata hisa. Google ilizaliwa hivyo: njia ya kupanga kurasa za intaneti waliyoibuni Larry Page na Sergey Brin wakiwa wanafunzi wa Stanford ilimilikiwa na chuo, ambacho kiliipa kampuni yao leseni na kikapewa hisa.

Safari ya leseni ina hatua zake. Mtafiti hutoa taarifa ya uvumbuzi kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia uhaulishaji wa teknolojia. Ofisi hupima kama jambo hilo ni jipya na kama lina soko, kisha huomba hataza. Tanzania Bara maombi hupelekwa BRELA, Kenya hupelekwa KIPI, na anayetaka kinga katika nchi kadhaa za Afrika anaweza kupitia ARIPO iliyoko Harare. Kwa kawaida hataza hudumu miaka 20 tangu maombi yanapowasilishwa. Mtafiti anapaswa kujua pia kwamba katika nchi nyingi uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani hauhesabiwi tena kuwa mpya. Mhadhiri anayekimbilia kuueleza kwenye kongamano kabla ya kuomba hataza anaweza kupoteza haki yake siku hiyohiyo.

Pale maslahi yanapogongana

Chuo huishi kwa kutangaza maarifa, na kampuni huishi kwa faida. Malengo hayo huweza kwenda pamoja kwa muda mrefu, lakini yakigongana, anayeumia mara nyingi ni mwananchi ambaye hakuwapo mkataba ulipoandikwa.

Mgongano wa kwanza huhusu haki ya kuchapisha. Mwaka 1987 kampuni moja ya dawa iliingia mkataba na Betty Dong, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alinganishe dawa yake ya tezi ya shingo na dawa nyingine za bei nafuu. Kampuni ilitarajia yake ionekane bora. Utafiti ulionyesha kwamba zote zinafanya kazi sawa. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichokataza kuchapisha bila idhini ya kampuni, na mwaka 1995 makala iliondolewa jaridani ikikaribia kuchapwa. Ilitoka mwaka 1997. Kwa muda wote huo wagonjwa waliendelea kununua dawa ya bei ya juu bila kujua kwamba ya bei nafuu ingewatosha.

Mgongano wa pili huhusu bei. Katika miaka ya 1980 William Prusoff na Tai-shun Lin wa Chuo Kikuu cha Yale waligundua kwamba kemikali ya stavudini inazuia virusi vya Ukimwi. Yale iliipa leseni kampuni ya Bristol-Myers Squibb, na dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1994. Bei yake haikuweza kufikiwa na wagonjwa wengi wa Afrika. Mwanzoni mwa mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikiomba chuo kiruhusu dawa nafuu iingizwe Afrika Kusini. Wanafunzi wa Yale waliunga mkono ombi hilo na Prusoff mwenyewe akasimama upande wao. Mwezi Machi mwaka huohuo kampuni ilitangaza kwamba haitazuia matumizi ya dawa nafuu nchini humo. Baadaye stavudini ya bei nafuu ilikuwa sehemu ya tiba ya mwanzo kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, mpaka Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua kwa sababu ya madhara yake. Kifungu kimoja kuhusu nchi maskini, kama kingewekwa tangu mwanzo, kingefupisha kungoja kwao.

Mgongano wa tatu huhusu asili ya malighafi. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walikusanya vijidudu katika maziwa ya magadi ya Kenya, likiwemo Bogoria, ambako viumbe hao huishi katika maji makali ya chumvi. Kampuni ya Genencor ikapata humo vimeng'enya vinavyofaa katika viwanda vya sabuni na vya kupaushia nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai kwamba nchi haikushirikishwa wala kupewa mgawo wake, na upande wa watafiti ukasema kwamba vibali vilikuwapo. Malumbano ya aina hiyo yalichangia kupatikana kwa Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014. Itifaki hiyo inataka anayechukua rasilimali za kijenetiki za nchi nyingine apate ridhaa na akubaliane mapema kuhusu mgawo wa faida.

Chanjo ya malaria

Chanjo ya R21/Matrix-M ni mfano wa karibuni, na watoto wa Afrika Mashariki wamo ndani yake. Chanjo ilibuniwa katika Taasisi ya Jenner ya Chuo Kikuu cha Oxford. Kiambata kinachoamsha kinga ya mwili, Matrix-M, ni cha kampuni ya Novavax, na msingi wake ni dondoo la magome ya mti uotao Chile. Uzalishaji ulikabidhiwa Serum Institute ya Pune, India, kampuni iliyozoea kutengeneza chanjo kwa wingi na kwa gharama ndogo.

Jaribio kubwa la mwisho lilihusisha watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Kenya jaribio lilifanyika Kilifi, na Tanzania lilifanyika Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Katika mwaka wa kwanza baada ya dozi tatu, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 75 mahali penye ugonjwa wa msimu, na kwa asilimia 68 mahali ambapo ugonjwa upo mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2023.

Uzito wa kiwanda ulionekana wazi hapo. Chanjo iliyotangulia, RTS,S ya kampuni ya GSK, ilikuwa imependekezwa miaka miwili kabla, lakini zilipatikana dozi milioni 18 tu za kugawia nchi 12 kati ya 2023 na 2025, wakati nchi zilizozihitaji zilikuwa nyingi zaidi. Serum Institute ilisema ina uwezo wa kutengeneza dozi milioni 100 kwa mwaka, kwa bei isiyozidi dola 4 kila moja. Kila mtoto huhitaji dozi nne, kwa hiyo uwezo huo unatosha watoto milioni 25. Maabara ilitoa chanjo, vituo vya utafiti vya Afrika vilitoa ushahidi, na kiwanda kikatoa wingi. Hata hivyo, kiwanda hicho hakiko Afrika, bara linalobeba takriban asilimia 95 ya vifo vyote vya malaria duniani.

Hali katika Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ina mifano yake. Nchini Uganda, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha mwaka 2011 gari la umeme la Kiira EV, na mwaka 2016 basi la Kayoola linalosaidiwa na nguvu ya jua. Kutokana na kazi hiyo ikaundwa kampuni ya Kiira Motors, yenye kiwanda Jinja. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilinunua mwaka 2007 kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret kilichokuwa kimefungwa, ili kiwe mahali pa uzalishaji, mafunzo na utafiti. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri kinahifadhi katika eneo lake kampuni inayotengeneza vijenzi vidogo vya kielektroniki. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na tangu 2019 mashindano ya MAKISATU yamewaleta wabunifu mbele ya umma.

Vikwazo bado ni vingi. Viwanda vingi vya eneo hili ni vidogo na havina fungu la utafiti. Kampuni kubwa za kigeni kwa kawaida hufanya utafiti katika makao yao makuu na kuleta huku bidhaa iliyokamilika. Mhadhiri hupandishwa cheo zaidi kwa idadi ya makala kuliko kwa mtambo uliotatua tatizo la kiwanda. Serikali za Umoja wa Afrika ziliafikiana kulenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi bado hazijalifikia lengo hilo. Matokeo yake ni kwamba mitambo mingi ya kubangulia korosho, kukausha mazao au kusindika muhogo huishia kuwa kielelezo cha maonyesho ya Sabasaba na Nane Nane, na mkulima haioni sokoni.

Mkataba wa haki

Visa hivi vyote vinaonyesha mambo ambayo mkataba wowote wa haki unapaswa kuyataja kabla kazi haijaanza. La kwanza ni umiliki: hataza ni ya nani, na kama kampuni ikikaa nayo bila kuitumia, irudi chuoni baada ya muda gani. La pili ni uchapishaji: kampuni inaweza kupewa miezi michache ya kuomba hataza, lakini isipewe mamlaka ya kuzuia matokeo. La tatu ni bei na upatikanaji kwa watu wa kipato cha chini, hasa kwa dawa, chanjo na mbegu. La nne ni mgawo wa jamii na nchi zilizotoa sampuli, maarifa au watu wa kujitolea katika majaribio. La tano ni sehemu ya uzalishaji na ya mafunzo itakayofanyika nyumbani.

Chuo kinachosaini bila kusoma vifungu hivyo huuza jasho la walipa kodi kwa bei ya kutupa, na kiwanda kinachowakwepa watafiti hubaki mnunuzi wa teknolojia za wengine daima. Afrika Mashariki tayari ina wanasayansi waliothibitisha uwezo wao Kilifi, Bagamoyo na Makerere. Vyuo viwape wanasheria hodari, wenye viwanda wawafungulie milango, na serikali zitimize ahadi zao za fedha, ili mkataba ujao wa chanjo, mbegu au mtambo uandikwe huku, na bidhaa yake itengenezwe huku.